Kwa Nini Dawa ya Nyanya Imegoma
(Maneno ya wakulima wa bustani, yaliyosomwa siku ya kumbukumbu ya kambi)



Tumepewa dakika chache, na hatutasimulia safari. Tangu tuvuke Ziwa Tanganyika mwaka 1996, safari hiyo imesimuliwa na wenye sauti kuliko sisi. Sisi tutasema habari ya nyanya. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, nyanya ndizo zilizotununulia chumvi, sabuni na madaftari.

Mvua zilizopita mlituona tukipuliza dawa kila wiki, na nyanya zikaoza vilevile. Majani yalipata mabaka meusi, chini yake unga mweupe asubuhi, na kwa siku chache bustani ikawa kama imemwagiwa maji ya moto. Wapo waliosema tumeuziwa maji. Labda mara nyingine ni kweli. Dawa ya kupimiwa kwa kizibo cha soda haina karatasi ya kusoma. Lakini iko sababu nyingine, na hiyo tumeitengeneza wenyewe.

Ugonjwa huu ni bakajani chelewa, ule ule ulioozesha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Watu kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakahama. Nao walikuwa wakimbizi, ingawa hakuna aliyewapa kadi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikatoka dawa iitwayo metalaksili. Huingia ndani ya mmea na kuuzuia ukungu kwa njia moja tu, kama mlango wenye kufuli moja. Mbegu chache za ukungu zina ufunguo wake tangu kuzaliwa. Ukipuliza, wenzao wanakufa, wao wanabaki na bustani nzima, na wiki moja yawatosha kuzaana. Mwaka 1980 huko Ireland na Uholanzi, ilikokuwa ikitumika peke yake, dawa ikashindwa. Uingereza iliuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu, ambayo hukaa juu ya jani na kuushambulia ukungu mahali pengi. Huko tatizo lilikuja polepole.

Sisi tulirudia kosa la Ireland, tena kwa umaskini. Tulipuliza dawa moja msimu mzima, tulipunguza kipimo ili chupa ifike mwisho wa mwezi, na tulingoja majani yaoze ndipo tuanze.

Kabla ya mvua, mitaa yote tukubaliane: metalaksili isipulizwe peke yake, wala zaidi ya mara mbili kwa msimu. Mche ulioungua ung'olewe na kufukiwa. Maji tumwagie shinani, si juu ya majani. Anayepuliza avae glavu na kuziba pua, na watoto wasichume kabla ya siku zilizoandikwa. Mankozebu si mchezo. Umoja wa Ulaya uliinyima kibali mwaka 2020 kwa kuhofia uzazi.

Jumamosi asubuhi tutakuwa bustani ya karibu na kisima. Leteni majani yenye mabaka, yakiwa yamefungwa kwenye mfuko, hata kama mnaona aibu. Sisi ya kwetu tutakuja nayo.