Kibanda cha Mama Nacho Huhesabiwa: Kuomba Chuo cha Ng'ambo Bila Orodha Ndefu ya Vilabu



Mazungumzo haya yanawahusu vijana waliofanya vyema darasani na wanaotamani kusoma katika vyuo vikuu vya ng'ambo vinavyochagua wanafunzi wachache kati ya wengi. Wengi wao hujaza fomu vizuri mpaka wafike pale panapouliza walifanya nini nje ya masomo. Hapo hukwama. Shule ya kutwa aliyosoma kijana wa Kayole au Dandora huenda haikuwa na okestra wala bwawa la kuogelea. Hata klabu ilipokuwepo, ilikutana baada ya masomo, wakati yeye alikuwa mbioni kurudi nyumbani kushika zamu kibandani au kumchukua mdogo wake chekechea. Basi wapo wanaoifunga fomu hapo hapo. Wapo pia wanaofanya jambo baya zaidi: hutafuta cheti cha klabu ambayo hawakuwahi kuingia.

Wote wawili wamelielewa swali vibaya. Chuo kinataka kujua muda wa kijana ulikwenda wapi na aliutumia vipi. Kijana wa Eastlands ana jibu la swali hilo, tena jibu zito, ila hajazoea kulihesabu kuwa jibu.

Chukueni fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, vingi vyake vya Marekani. Ina nafasi 10 za shughuli. Katika aina za shughuli anazoweza kuchagua mwombaji, kuna michezo, muziki na midahalo, lakini pia kuna majukumu ya familia na kazi ya kulipwa. Aina hizo mbili zimeandikwa kwenye fomu yenyewe, sambamba na nyingine. Nafasi 10 ni kikomo tu, na hakuna anayelazimika kuzijaza zote. Chuo cha MIT, chenye fomu yake, kinaomba shughuli zisizozidi 4. Shughuli 3 za kweli zilizoelezwa vizuri zinatosha kumwonyesha mtu alivyo.

Sasa sikilizeni hesabu. Tuseme kuna msichana wa Umoja ambaye mama yake ni mama mboga. Kila jioni ya siku ya shule hukaa kibandani saa 2, na Jumamosi saa 6. Hizo ni saa 16 kwa wiki. Akifanya hivyo wiki 40 kwa mwaka, amefanya kazi saa 640. Fomu inauliza hasa hayo: saa ngapi kwa wiki, na wiki ngapi kwa mwaka. Wanafunzi wachache sana wa shule za kifahari wanaweza kuonyesha saa 640 katika klabu moja.

Maelezo ya kila shughuli hayapaswi kuzidi herufi 150, nafasi kati ya maneno zikiwemo. Hapo ndipo vijana wengi hupoteza bahati kwa kuandika tu, "Humsaidia mama." Afisa anayesoma fomu yuko mbali, hajui kibanda ni nini wala soko linafunguliwa saa ngapi. Aelezwe: "Hununua mboga sokoni saa 11 alfajiri, huandika mauzo ya kila siku, hupanga bei, husimamia kibanda Jumamosi." Fomu itajazwa kwa Kiingereza, lakini kanuni ni ile ile katika lugha yoyote: tajeni tendo, idadi na matokeo. Kijana anayefunza wadogo zake hesabu aseme ni wangapi na mara ngapi kwa wiki. Anayeteka maji na kupika kwa sababu mzazi hufanya kazi zamu ya usiku aseme hivyo. Anayetengeneza simu na fundi wa mtaani, anayeimba kwaya, anayefundisha madrasa, anayefagia mitaro na kikundi cha vijana, wote wana la kuandika.

Msidhani hili ni jambo geni katika jiji hili. Tom Mboya aliacha masomo ya Mang'u kwa kukosa karo. Alisomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, akawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Alipokwenda Chuo cha Ruskin, mjini Oxford, mwaka 1955, alikuwa na historia ya kazi na uongozi wa wenzake. Miaka 4 baadaye, Septemba 1959, ndege ya kwanza ya mpango aliouongoza iliondoka na wanafunzi 81 kwenda Marekani.

Hata hivyo, yapo mambo 4 ambayo familia inapaswa kuyajua mapema.

La kwanza, masomo hutangulia. Hakuna kazi ya kibanda wala cheo cha klabu kinachofidia alama dhaifu. Vyuo vya Oxford na Cambridge ndivyo hutilia mkazo zaidi uwezo katika somo analotaka mwombaji, na shughuli za nje hazina uzito mkubwa kama hazihusiani na somo hilo. Lakini kwa vyuo hivyo, KCSE peke yake haitoshi, kwa hiyo masharti yasomwe kabla ya kutumia hata shilingi moja. Marekani, vyuo vingi hupokea KCSE, na baadhi hutaka pia mtihani wa SAT, ambao mazoezi yake yanapatikana bila malipo kwenye tovuti ya Khan Academy.

La pili ni muda. Mtihani wa KCSE humalizika Novemba, na katika miaka ya karibuni matokeo yametoka Januari. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya mapema tarehe 1 Novemba na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Kwa hiyo aliyemaliza kidato cha nne kwa kawaida huomba katika awamu inayofuata, na ana karibu miezi 10 mkononi. Miezi hiyo isipotee. Akianza kuwafunza watoto wa ploti yao kusoma kila Jumamosi kuanzia Februari, kufikia Oktoba atakuwa amefanya hivyo zaidi ya mara 30. Hiyo ni shughuli kamili, na haikuhitaji kiingilio.

La tatu ni fedha. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst huamua kumchukua mwanafunzi, hata wa kigeni, bila kuangalia kama familia yake inaweza kulipa. Akikubaliwa, msaada hupimwa kulingana na mapato ya nyumbani. Vyuo vingine vingi huangalia uwezo wa kulipa kabla ya kuamua. Mzazi asiye na hati ya mshahara asiogope: aandike mapato yake kwa ukweli, kiasi anachopata kwa wiki na anachotumia. Ada ya maombi pia inaweza kusamehewa, mwanafunzi akiomba.

La nne ni ukweli. Cheti cha kununua kinaweza kumharibia kijana kila kitu, maana chuo kikigundua uongo kinaweza kufuta nafasi hata baada ya kuitoa. Na yeyote anayedai kuuza nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo anauza asichokuwa nacho.

Walimu nao wana kazi hapa. Pamoja na fomu ya mwanafunzi, chuo hupokea taarifa ya shule na barua za mapendekezo. Mwalimu mkuu au mwalimu wa ushauri nasaha anaweza kueleza kwamba shule ni ya kutwa, vilabu ni vichache, na mwanafunzi huyu hubeba majukumu nyumbani. Neno hilo likitoka kwa mwalimu, linathibitisha alichoandika kijana. Bila neno hilo, afisa wa chuo anaweza kudhani kijana alikaa bure.

Msaada wa kweli upo. Huduma ya ushauri ya EducationUSA, inayosimamiwa na serikali ya Marekani, hutoa mwongozo. KenSAP, iliyoanzishwa mwaka 2004 na mwanariadha Mike Boit pamoja na mwandishi John Manners, huchukua kikundi kidogo cha waliofaulu sana KCSE na kuwaandaa kwa maombi. Zawadi Africa, iliyoanzishwa na Susan Mboya, hutazama wasichana werevu kutoka familia zisizo na uwezo. Waliofadhiliwa na Wings to Fly na kufanya vyema waulize kuhusu mpango wa viongozi wa Equity. Kwa meza ya kusomea yenye utulivu, maktaba za Kaloleni na Makadara ziko karibu.

Pamoja na hayo yote, kijana asiache nafasi ya nyumbani akisubiri ya ng'ambo. Katika vyuo kama Harvard na MIT, wanaokubaliwa ni chini ya watu 5 kati ya kila 100 wanaoomba. Ajaze pia maombi ya KUCCPS kwa wakati, achague kozi anayoipenda kweli. Kukataliwa na chuo cha mbali hakupunguzi alama alizopata wala kazi aliyofanya.

Wiki hii, kila kijana anayefikiria kuomba achukue daftari aandike siku 7 mfululizo: aliamka saa ngapi, alifanya nini, kwa muda gani, nani alinufaika. Mzazi alisome daftari hilo na kukumbusha yaliyosahaulika, maana mengi mtoto huyafanya bila kujua kuwa ni kazi. Kisha alipeleke kwa mwalimu atakayemwandikia barua. Fomu ianzie hapo.