Regyuleta Mpya Si Dawa

(Maneno yaliyosemwa na fundi mmoja mbele ya wanachama, mkutano wa tawi, Mji wa Kale, Mombasa)



Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya kubadilisha regyuleta ya volteji katika ndege ndogo. Najua wengi wenu ni watu wa bandari na wa magari, wala hamvuki Makupa kila asubuhi kwenda uwanja wa ndege kama mimi. Lakini neno hili litawafaa nyote.

Injini huzungusha altaneta, na altaneta hutoa umeme wa kujaza betri na wa taa na redio. Injini ikienda mbio, umeme nao hutaka kuzidi. Regyuleta ndiyo mlinzi wake: huiwekea volti mpaka, karibu 14 katika ndege ya betri ya volti 12, na karibu 28 katika ile ya volti 24. Zikizidi, betri huchemka na redio huungua. Zikipungua, betri huisha angani. Injini nyingi za namna hii hazitazimika, maana cheche zake hutoka kwenye magneto. Lakini rubani atabaki bila redio wala taa, na usiku hilo si jambo dogo.

Sasa nakiri kosa langu. Zamani, katika karakana moja nisiyoitaja, ililetwa ndege ya volti 12 ambayo mita yake ilipita 15. Abiria walikuwa wakingoja, na mkubwa alitaka kazi upesi. Nikafungua regyuleta, nikatia mpya. Kesho yake ndege ikarudi na ugonjwa ule ule, na betri inanuka.

Ugonjwa haukuwa katika regyuleta. Ndugu, sisi ni watu wa kisiwa. Mnaiona mizinga ya Fort Jesus ilivyoliwa na chumvi. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu, hutoa unga mweupe. Unga huo ulikuwa chini ya regyuleta, mahali inapogusa bodi ya ndege. Njia ya umeme ikazibika, regyuleta ikapima volti pungufu, ikadhani betri ina njaa, ikazidi kuisukumia.

Basi, fanyeni hivi. Pimeni kwanza, msibadilishe kwa kubahatisha. Zimeni swichi zote, na magneto pia, kisha ondoeni waya wa hasi wa betri kabla ya waya mwingine wowote. Tieni alama kila waya. Tazameni nambari ya kifaa katika kitabu cha ndege hiyo. Regyuleta ya gari, hata ikifanana nayo, msiitie. Sugueni mahali pa kukalia mpaka pang'ae, kazeni nati, na waya wa hasi urudi mwisho. Halafu injini iwashwe, taa na redio zifunguliwe, volti zipimwe tena kwa mita nzuri. Aliye karibu na injini ajihadhari na rafadha. Mwisho, injinia mwenye leseni akague na kutia sahihi.

Lakini sijasema lililonileta hapa. Siku ile nilikuwa na kijana msaidizi, kibarua wa kutwa. Yeye aliuona ule unga mweupe. Hakusema. Nilipomwuliza baadaye akajibu, "Mzee, mimi ni kibarua. Nikichelewesha ndege, kesho sitaitwa."

Ndugu zangu, jambo hili lilinikaa moyoni kuliko regyuleta yenyewe. Hofu ya kijana yule ingeweza kuwapeleka watu angani na betri inayochemka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo naomba tawi lisimamie mambo mawili: kibarua anayeonyesha hitilafu asipoteze siku yake ya kazi, na fundi asilazimishwe kutia sahihi kazi ambayo haijapimwa. Nasi mafundi wazee tuwaulize vijana wetu wameona nini, kabla hatujafunga kifuniko.