Mgonjwa Aachwe Amalize Maelezo Yake



Mgonjwa aingiapo kwa daktari huja na mwili unaouma pamoja na maisha yaliyoufikisha hapo. Aghalabu mwili hupimwa, maisha yasiulizwe.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walitangaza matokeo ya kuchunguza mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa. Kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18. Waliopewa nafasi ya kumaliza maelezo yao ya mwanzo walikuwa 17 tu.

Wako wasemao kwamba foleni ni ndefu. Ni kweli. Hata hivyo, uchunguzi mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kuwa walioachwa wamalize kueleza shida zao walitumia wastani wa sekunde 6 tu zaidi ya waliokatizwa.

Cicely Saunders wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, aliwasikiliza wagonjwa wa saratani waliokaribia kufa, akayarekodi maneno yao. Kwao alijifunza kwamba maumivu ya mwili huchanganyika na hofu, upweke na mashaka juu ya jamaa watakaobaki. Kwa elimu hiyo alianzisha St Christopher's Hospice, London, mwaka 1967.

Basi kusikiliza ni wajibu wa kazi, wala si hisani. Mtumishi anayemkatiza mgonjwa hujinyima habari ambazo pengine ndizo zingemwonyesha ugonjwa wenyewe.