Baridi ya Mlimani

Leo tusafiri pamoja kwa gari, kutoka Mombo mpaka Lushoto.

Mombo iko chini, kiasi cha meta 400 juu ya usawa wa bahari. Kuna joto. Njia inapanda kwa kona nyingi: huku majabali, huku bonde. Tunapita Soni, penye maporomoko ya maji. Tunafika Lushoto, kiasi cha meta 1,400. Sasa tunatetemeka! Kwa nini, nasi tumelikaribia jua?

Sababu ni hewa. Hewa ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kila meta 1,000, joto hupungua kiasi cha digrii 6 za sentigredi. Wanaopanda kutoka Muheza kwenda Amani wanaijua habari hii. Tangu Juni mpaka Agosti baridi huzidi, hasa usiku.

Msafiri asiyejua haya huja na shati jepesi. Akitaka kulala garini karibu na mwamba wa Irente, baridi humshika. Hufunga vioo, akawasha jiko la makaa ndani. Hiyo ni hatari kubwa! Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Aliyelala huweza asiamke tena. Nyumbani ni vivyo hivyo.

Basi chukueni sweta na blanketi, hata jua likiwaka Mombo. Jiko libaki nje.

Sasa jibuni: Kwa nini Lushoto kuna baridi kuliko Mombo? Kwa nini jiko la makaa lisiwekwe chumbani usiku?