MTAFITI AJE, LAKINI ARUDI

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wa ushirika)



Tumepata barua. Wanafunzi wa chuo kikuu wanaomba kuja kuuliza habari za mahindi yetu yanavyoharibika ghalani. Wengine mmesema tuwakatalie, maana wale wa kwanza walihesabu magunia wakaenda zao, hatujawaona tena. Neno hilo ni kweli. Lakini mimi nasema tusifunge mlango, tuweke masharti.

Utafiti wa faida upo, na ulifanyika nchini mwetu. Mama mmoja Mfini, Marja-Liisa Swantz, alifanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1975 yeye na wenzake walitoa taarifa juu ya utapiamlo wa watoto wilaya ya Moshi. Moshi kwenye kahawa, mtoto akose chakula? Ndiyo. Nao hawakuishia kuwalaumu akina mama. Walitafuta mzizi katika hali ya maisha na uchumi wa nyumbani.

Mwaka huohuo ulianza mradi wa Jipemoyo wilaya ya Bagamoyo, Watanzania na Wafini pamoja. Watafiti walikaa vijijini na wakulima na wafugaji. Mwanakijiji hakuwa wa kuulizwa tu, alijadili tatizo nao na kutafuta njia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi masharti ni haya:

1. Kwanza waje mkutanoni, waonyeshe kibali, waseme kazi ni ya nini.
2. Wafanye kazi na wenzetu wawili, mmoja awe mama. Akina mama ndio watunzaji wa ghala.
3. Asiyetaka kujibu asilazimishwe.
4. Kabla ya kuandika kitabu warudi, watusomee kwa Kiswahili, tusahihishe. Nakala ibaki ofisini kwetu.

Na sisi tuseme kweli. Mwenye magunia kumi akisema matatu kwa kuogopa ushuru, dawa itakayopatikana itakuwa ya ghala ambalo halipo.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua jambo moja: karatasi inayokuhusu usiiache isomwe na wengine tu.

Jumamosi tukutane tupige kura. Kila mtu aje na neno lake.