Mali Peke Yake Si Maisha Bora: Tupime Marekani na Ulaya

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Jambo tulilowaitia mmekwisha kulisikia mara nyingi kwenye mabaraza ya kahawa. Huyu asema maisha yako Marekani. Yule asema hapana, maisha yako Ulaya. Wanabishana mpaka kahawa inapoa, kama watu wanaoshindania timu mbili za mpira. Lakini ni wachache wanaouliza swali lililo kubwa zaidi: maisha bora ni kitu gani, na hao walioyapata waliyapata kwa njia gani?

Sisi twaona swali hilo si la mchezo. Taifa lisilojua linataka maisha ya namna gani litavishwa nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mwili wa mwingine. Kwa hiyo leo tumekuja na mizani. Hatukuja kumsifu mtu wala kumtukana mtu.

Tuanze kwa kuipa Marekani haki yake. Nchi hiyo ina mali, na asiyekubali hivyo anajidanganya. Mwaka 2023 pato la Marekani, likigawanywa kwa kila kichwa, lilipita dola 80,000. La Ujerumani lilikuwa dola 54,000 hivi, na la Ufaransa dola 45,000 hivi. Mishahara ya mafundi, wahandisi na madaktari wa Marekani ni mikubwa kuliko ya wenzao wengi wa Ulaya. Nyumba zao ni pana. Kazi hupatikana upesi kuliko kusini mwa Ulaya. Mwaka 2013 huko Hispania, zaidi ya nusu ya vijana waliokuwa wakitafuta kazi hawakuipata. Tena mtoto wa mgeni aweza kupanda cheo. Mwaka 2008 Wamarekani walimchagua Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya, kuwa Rais wao. Hayo yote ni kweli, nasi hatuyafichi.

Lakini mtu hali dola. Basi tuulize: mali yote hiyo inamnunulia nini mtu wa kawaida?

Kwanza, tuangalie umri. Mwaka 2023 Mmarekani aliyezaliwa alitarajiwa kuishi miaka 78 na kidogo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, zikichukuliwa pamoja, ni miaka 81 na kidogo. Huko Hispania ni kama miaka 84. Hebu lishikeni hilo la Hispania. Pato la Mhispania halifiki hata nusu ya pato la Mmarekani, na bado anaishi zaidi yake kwa miaka mitano au zaidi. Wala si kwamba Marekani haitoi fedha kwa matibabu. Katika kila dola 100 za pato lake, Marekani hutumia dola 17 na zaidi kwa afya. Hispania haifikishi 11. Kwa hiyo Marekani hulipa bei kubwa zaidi na kupata umri mfupi zaidi. Mke anayerudi sokoni na hesabu kama hiyo ataulizwa nyumbani fedha zimekwenda wapi.

Zimekwenda wapi? Nyingine zimekwenda kwa bei. Dawa ile ile na upasuaji ule ule huko ni ghali kupita Ulaya, na kampuni za bima nazo zina fungu lao. Juu ya hayo, mwaka 2023 watu kama milioni 26 wa nchi hiyo hawakuwa na bima ya afya hata kidogo. Na kuna mauti ambayo hospitali haiwezi kuyazuia. Mwaka 2021 peke yake, watu 48,830 waliuawa kwa bunduki, wengi wao wakijiua wenyewe, na zaidi ya 100,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za kulevya. Hawa si watu wa nchi iliyo vitani. Ni watu wa nchi yenye mali kuliko zote.

Pili, tuangalie uzazi, maana nchi hupimwa kwa jinsi inavyomtazama mama. Mwaka 2023 huko Marekani, katika kila uzazi 100,000, walikufa akina mama 18 hadi 19. Lakini nambari hiyo inaficha jambo. Kwa akina mama weupe ilikuwa 14 hadi 15. Kwa akina mama weusi ilikuwa 50. Nchi moja, bendera moja, na kifo cha mama mweusi ni zaidi ya mara tatu. Na mama aliyesalimika je? Sheria ya taifa ya mwaka 1993 inampa majuma 12 ya kukaa na mtoto bila mshahara, tena kama ameajiriwa mahali penye wafanyakazi 50 au zaidi. Mama na baba wa Sweden hupewa siku 480 za kugawana kwa kila mtoto, nao hulipwa.

Tatu, tuangalie wakati. Masikini na tajiri wote wamepewa saa 24, lakini zinatumikaje? Mfanyakazi wa Marekani hufanya kazi saa kama 1,800 kwa mwaka. Wa Ujerumani hufanya saa kama 1,340. Sheria ya Umoja wa Ulaya yamhakikishia kila mfanyakazi majuma manne ya likizo yenye malipo. Sheria ya taifa ya Marekani haimhakikishii hata siku moja. Anapewa kwa hisani ya tajiri wake. Kwa hiyo sehemu ya zile dola zinazoonekana nyingi ni saa ambazo Mjerumani amezitumia kukaa na watoto wake.

Sasa, ndugu zetu, tumefika penye kiini cha maneno yetu. Je, Ulaya ilipata mambo hayo kwa sababu ilikuwa tajiri? Au kwa sababu Mungu aliwapa viongozi wenye huruma? La, hasha.

Sheria ya kwanza ya bima ya wagonjwa kwa wafanyakazi wa taifa zima ilitungwa Ujerumani mwaka 1883, na aliyeileta ni Bismarck. Bismarck hakuwa rafiki wa makabwela. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa amekipiga marufuku chama chao. Alitoa bima kwa hofu, kwa kuwa aliona wafanyakazi wanaungana na akataka kuwatuliza. Huko Ufaransa, likizo ya majuma mawili yenye malipo ilipatikana mwaka 1936, baada ya wafanyakazi kugoma na kukalia viwanda nchi nzima. Hakuna aliyewatunuku.

Tutazame Uingereza. Mwaka 1942, katikati ya vita, Beveridge alitoa ripoti iliyotaja majitu matano ya kupigwa vita: umaskini, maradhi, ujinga, uchafu na kukaa bila kazi. Masikio yenu yamekwisha kuyatambua matatu kati ya hayo. Mwaka 1945 wananchi walikichagua chama cha wafanyakazi. Tarehe 5 Julai, 1948, matibabu yakawa ya wote bila kulipa mlangoni, na waziri aliyeisimamia kazi hiyo, Aneurin Bevan, alikuwa mtoto wa mchimba makaa, naye mwenyewe aliingia mgodini akiwa kijana mdogo. Na Uingereza ya mwaka 1948 ilikuwa katika hali gani? Ilikuwa imelemewa na madeni, miji imebomolewa na mabomu, na vyakula vinagawiwa kwa vipimo mpaka mwaka 1954. Hawakungoja watajirike ndipo watibiane. Walianza wakiwa na dhiki. Mwalimu Nyerere alifika Edinburgh kusoma mwaka 1949, na huduma hiyo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu na kitu.

Marekani nayo ilijaribu. Mwezi Novemba, 1945, Rais Truman aliliomba Bunge lake bima ya afya ya taifa. Alishindwa. Chama cha madaktari kilimwaga fedha kumpinga. Na wabunge wa Kusini walikuwa na hofu yao nyingine: fedha za serikali kuu zisije zikamlaza mweusi na mweupe katika wodi moja. Sheria ya mwaka 1946 ya kujenga hospitali iliruhusu wazi wazi hospitali za kubagua. Hata kabla ya hapo, sheria ya pensheni ya mwaka 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na watumishi wa nyumbani, na huko Kusini hao wengi wao walikuwa watu weusi.

Ilipofika mwaka 1965 ndipo wazee na masikini walipopata matibabu ya serikali. Na kwa kuwa watu weusi walikuwa wamepigania na kupata sheria ya haki mwaka 1964, hospitali iliyoendelea kubagua haikuweza kupata fedha hizo. Katika muda wa miezi michache, hospitali zaidi ya 1,000 zilivunja kuta za ubaguzi. Kwa hiyo walioteswa ndio waliofungua mlango, na mlango huo wakaupitia hata wazee weupe. Lakini watu wa makamo hawakufunguliwa. Mpaka leo yuko Mmarekani mweupe masikini asiye na bima, na babu yake alipiga kura ya kuzuia hospitali ya wote ili mtu mweusi asilale karibu naye.

Hilo ndilo funzo. Katika miaka ya 1950, wafanyakazi kama theluthi moja wa Marekani walikuwa katika vyama vyao. Leo ni mmoja katika kila kumi. Huko Sweden bado ni zaidi ya nusu. Palipo na umoja, mali iligawanywa. Palipotiwa rangi katikati ya wanyonge, mali iliongezeka ikabaki juu.

Lakini ndugu, tusiondoke hapa tukiiimba Ulaya. Mizani ina pande mbili. Sehemu ya mali iliyoijenga ilitoka katika mashamba, migodi na jasho la makoloni yake. Sisi wenyewe ni mashahidi. Mwaka ule ule wa 1948, meli ya Empire Windrush ilileta Uingereza watu wa West Indies, na wengi waliowafuata waliuguza wagonjwa na kuendesha mabasi. Mwaka 2018 dunia ikasikia kwamba baadhi yao na watoto wao walinyimwa matibabu na wengine kufukuzwa nchi, wakiambiwa hawana karatasi. Katika joto kali la mwaka 2003, Ufaransa ilipoteza watu kama 15,000, wengi wao wazee, na wengi katika hao waliishi peke yao. Nyumba yenye mzee asiyebishiwa hodi, sisi hatuwezi kuiita maisha bora. Mwaka 2023, orodha ya matibabu yanayongojwa katika hospitali za Uingereza ilipita milioni saba. Na tangu mwaka 2014, watu zaidi ya 25,000 wamekufa au kupotea katika bahari ya Mediterania wakiikimbilia Ulaya hiyo hiyo, na Waafrika wengi wamo. Huruma yao ina mpaka, na mpaka huo una ulinzi.

Basi haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Mwaka 1993 nchi yetu nayo ilianza kutoza wagonjwa ada katika hospitali za serikali, wakati nchi nyingi za Afrika zikishauriwa na wakopeshaji kwamba kila mtu ajitegemee kwa mfuko wake. Sote twamjua mtu aliyeuza mbuzi, au shamba, au aliyengoja nyumbani mpaka ikawa kuchelewa. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Sheria ni karatasi. Itakuwa ya wote kweli, au itakuwa ya mwenye mshahara tu? Mama lishe ataingia kwa fungu gani? Mvuvi je, na mkulima ambaye fedha yake huja mara moja kwa mwaka? Maswali hayo hayatajibiwa na Marekani wala Ulaya.

Tutaambiwa kwamba sisi ni masikini bado, tungoje. Tukiambiwa hivyo, tukumbuke Uingereza ya mwaka 1948, iliyoanza huku inakula kwa vipimo. Ni kweli kwamba umaskini wao haukuwa kama wetu; walikuwa na viwanda na madaktari. Hatusemi twaweza kufanya yote waliyofanya, kwa kasi waliyofanya. Twasema mpango wa kugawana hauwekwi akiba mpaka mali ije. Mali ikija kabla ya mpango, huwa imekwisha pata wenyewe.

Tena tutakuja kugawanywa, kwa kabila, kwa dini, kwa Bara na Visiwani, kwa mwenye ajira na asiye na ajira. Siku mtu atakapotunong'oneza kwamba fulani hastahili kutibiwa kwa fedha yetu, tumkumbuke yule Mmarekani aliyemnyima jirani yake kitanda, na wajukuu zake wakakosa kitanda.

Kwa hiyo kila mwanachama arudi tawini kwake na kazi moja. Auulize mkutano: katika kata yetu, ni nani atakayeachwa nje ya bima hii, na tutamwingizaje? Majina yaandikwe. Mkutano ujao tuje nayo.

Na vijana wetu mnaotaka kusafiri, safirini salama, someni, mrudi na ujuzi. Mkifika huko msihesabu magari. Ulizeni mtu akiugua, anafanyaje.

Uhuru na Umoja!