Tamaa ya Moyo na Shamba la Nabothi



Yakobo, katika sura ya 4 ya waraka wake, auliza magombano kati ya waumini yatoka wapi. Hamtaji adui wa nje; aonyesha tamaa zilizomo ndani yao wenyewe.

Ahabu, mfalme wa Samaria, alitaka shamba la mizabibu la Nabothi lililopakana na jumba lake, apate kupanda mboga (1 Wafalme 21). Mboga tu! Ombi lenyewe halikuwa baya, maana aliahidi shamba bora zaidi au fedha. Nabothi alikataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Hapo moyo ukafunuliwa: mfalme alijilaza kitandani, akageuza uso, akasusa chakula. Yezebeli akaandika barua kwa muhuri wa mfalme. Mfungo ukatangazwa, wazee wakaketi, mashahidi wawili wakasimama kama torati ilivyotaka. Na Nabothi akapigwa mawe. Hakuna utaratibu uliorukwa, ila kweli.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akieleza amri ya tisa, aonya juu ya kutwaa urithi wa jirani kwa hila yenye sura ya haki. Katika Katekisimo Kubwa asema amri hiyo yawahusu hasa wanaohesabiwa kuwa wema. Basi mpaka wa kiwanja, mirathi ya ndugu, hata kiti katika baraza la wazee, vyaweza kugombaniwa katika vikao vilivyofunguliwa kwa sala.

Eliya alipotumwa, alimkuta Ahabu ndani ya shamba lile, ameshuka kulimiliki.